Anakopa Ili Akafanye Kazi Bure

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi mbele ya uongozi wa chuo, wahitimu, waajiri na wanafunzi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, kaka na dada zangu mliosoma hapa mkaenda kujitafutia na leo mmerudi, waajiri wa Moshi na Arusha, wazazi, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti tumewahi sisi wenye vitambi: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa nusu saa, na Katibu ameshanidokeza kwamba wapishi hawatanisubiri. Kwa hiyo naanza na jambo lenyewe.

Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo, anapokwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, anakopa ili akafanye kazi bure. Msigune kwanza. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, na kipengele hicho kinamhesabia mwanafunzi siku zisizozidi 56, yaani wiki nane. Fedha hizo zinasaidia, na sina ugomvi nazo. Lakini ni deni. Siku atakapopata ajira, mshahara wake utakatwa asilimia 15 mpaka deni liishe, na ndani ya makato hayo imo nauli aliyopanda mwaka wa pili kuja kupanga mafaili yako wewe mwajiri. Yeye alikopa. Wewe ukapata mtu wa kazi. Sisi chuo tukapata ripoti ya kuweka kabatini. Tumefaidika watatu, analipa mmoja, na huyo mmoja ndiye asiye na kitu.

Hapo nimemsema mwenye mkopo. Yupo aliyekosa kabisa. Yupo aliyepata kwa asilimia pungufu. Yupo ambaye bumu, fedha yake ya mkopo, limechelewa na barua yake ya field inasema aripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, Dodoma, na leo ni Ijumaa.

Ombi langu ni hili: chuo chetu kitenge kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, kila mwaka, kwa ajili ya wanafunzi wanaokwenda field na wanaotaka kufanya utafiti wakati wa likizo ndefu. Isiwe mkopo. Itoke kabla kijana hajaondoka. Wahitimu na waajiri waongezee hapo.

Nimekuwa mratibu wa field katika idara yangu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ninachowaambia nimekiona mezani kwangu. Ikifika Machi wanafunzi wanaanza kuja kuchukua barua za utambulisho. Nilitegemea wangeniuliza ni wapi watajifunza zaidi. Swali ninalolipata ni jingine: "Mwalimu, Mwanza wanapokea? Nina shangazi pale." Ukichukua orodha ya vituo vya field vya wanafunzi wetu ukaichora kwenye ramani ya Tanzania, utakuwa umechora ramani ya mashangazi. Mtoto wa Newala aliyesomea masuala ya ushirika, ambaye mahali pake hasa ni hapahapa Moshi, kwenye Bodi ya Kahawa au kwenye vyama vya msingi huko juu, anaishia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake, anaandika hesabu za misumari. Na logbuku, daftari la kazi zake za kila siku, inajazwa vizuri tu, mihuri ipo, na mimi naisaini.

Asiye na shangazi anapanga chumba. Hapa wenye nyumba mliopo mnijibu kimoyomoyo: nani kati yenu anapokea kodi ya wiki nane? Ni miezi mitatu, na wengine mnataka sita. Mwanafunzi analipia miezi ambayo hatalala humo. Kwa binti hali ni mbaya zaidi, na hili sitalipitia kwa haraka kwa sababu tunapenda kulipitia kwa haraka. Binti aliyefika mji mgeni bila hela ya chumba, akiwa mikononi mwa mtu anayejaza fomu yake ya tathmini, yuko hatarini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitambua rushwa ya ngono kama kosa, kifungu cha 25. Sheria ipo. Lakini sheria haimpi mahali pa kulala usiku wa leo. Tukimpa hela ya chumba tunakuwa tumempunguzia mtu huyo nguvu aliyonayo juu yake.

Sasa wapo wanaosema wanafunzi wa siku hizi hawapendi kujifunza, wanapenda hela. Julai hadi Septemba wageni wanajaa, na mnajua, nami najua, kwamba baadhi ya vijana wetu wa kiume wanapanda Mlima kama wapagazi. Mzigo wa kilo 20 kichwani, njia ya Machame, usiku baridi kali. Anashuka na posho yake, na tipu mgeni akiwa mwema, anaweka akiba ya kodi ya muhula unaofuata. Mimi simlaumu. Amepiga hesabu: Machame inalipa, maabara hailipi. Hata mimi ningepanda.

Wenzetu waliliona hilo zamani. Chuo cha MIT kule Marekani kilianzisha mpango wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1969. Aliyeuasisi ni mwalimu mwanamke, Margaret MacVicar. Mwanafunzi anaingia kwenye utafiti halisi wa profesa, na anaweza kulipwa kwa kazi hiyo au kuhesabiwa kama somo. Tangu 1987 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo inafadhili vituo katika vyuo mbalimbali, kila kimoja kikipokea kama wanafunzi kumi wakati wa kiangazi chao, Juni hadi Agosti, miezi ambayo sisi huku tunavaa masweta. Wanalipwa posho, na mara nyingi wanasaidiwa malazi na nauli. Kijana wetu hawezi kuomba fedha hizo, maana ni za raia na wakazi wa kudumu wa kwao. Viko pia vyuo vya huko vinavyompa mwanafunzi posho ya chuo pale anapopata nafasi kwenye shirika la hisani, mahakama au ofisi ya serikali isiyoweza kumlipa. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Waliona kwamba bila posho, kijana wa familia duni atauza ndizi kiangazi kizima, na mtoto wa daktari ndiye atakayeingia maabara, na miaka kumi baadaye watashangaa kwa nini wanasayansi wote ni watoto wa madaktari.

Mtasema hao ni Wamarekani, wana hela. Ni kweli wanazo. Lakini hebu tuangalie tulicho nacho. Toka hapa kwenye mnara wa saa uende Lyamungu, kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa. Kituo cha Lyamungu kimekuwepo tangu miaka ya 1930. Pale wamezalisha miche inayostahimili magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Lakini ukipita vihamba vya Kibosho bado unakuta mzee ameshikilia mibuni yake ya zamani na kila msimu ananyunyiza dawa. Kwa nini? Swali hilo halihitaji darubini. Linahitaji kijana anayekaa kijijini wiki nane, anayeongea na wazee kwa adabu, anayejua kunywa mbege kidogo bila kulewa, na anayeandika. Na vyuo vyetu vinafunga wakati uleule ambao kahawa inaanza kuiva mlimani. Kalenda imetupangia vizuri, sisi ndio hatuitumii.

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi hapahapa Moshi. Mweka kuna chuo cha wanyamapori tangu 1963. Hospitali ya KCMC ina watafiti wa tiba. Upande wa Arusha, TAWIRI, watafiti wa wanyamapori, wako Njiro, pale Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mboga na kuna Taasisi ya Nelson Mandela, na mjini kuna Mahakama ya Afrika na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna mikoa michache nchini iliyojaliwa hivi.

Niwape mfano mmoja kwa ukaribu, kwa sababu bajeti zetu huwa zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kuona utafiti mdogo unavyofanana. Maji ya miteremko ya Meru yana floridi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Mmewaona watoto wa Arumeru wenye meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna vyanzo vinavyozidi hapo kwa mbali, na jirani yake, mwendo wa miguu tu, kuna chemchemi nzuri. Serikali ina kituo chake cha utafiti Ngurdoto, na kwa miaka mingi wamefanyia kazi uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kufanya nini hapo? Anabeba chupa za plastiki. Plastiki, kwa sababu floridi inashambulia kioo na kipimo kinapotoka. Anaisuuza chupa kwa maji yaleyale ya chanzo, mara tatu, anaijaza, anaandika kwa kalamu isiyofutika jina la kitongoji, chanzo, tarehe na saa. Anauliza kina mama waliopanga ndoo: mnachota hapa kwa kunywa au kwa kufua? Anapima mahali kwa simu yake. Jioni anapeleka chupa maabara. Baada ya wiki nane kijiji kina orodha: chemchemi hii ya kunywa, ile ya kufulia. Gharama yake ni chupa, bodaboda, chakula cha mtafiti, na ada ya maabara kama haturuhusiwi kupima kwetu. Hakuna mfadhili wa Ulaya anayehitajika hapo.

Kabla hajajaza hata chupa moja, lakini, ana safari nyingine. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka mkoani anapewa barua ya wilaya au ya Mkurugenzi wa Halmashauri. Kutoka halmashauri, Mtendaji wa Kata. Kutoka kata, Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye yuko msibani, njoo Alhamisi. Utaratibu huu una sababu zake, sisemi ufutwe. Ila kila ngazi ni nauli na ni kopi mbili za steshenari. Na utafiti ukigusa afya za watu, kuna kibali cha maadili, ambacho ukikiomba Juni utakipata likizo imeisha. Ndiyo maana nasema maandalizi yaanze Februari. Mwanafunzi ajue mapema kwamba fedha ipo. Hapo ndipo msimamizi wake naye atakapojisumbua kumwandalia vibali. Hakuna mhadhiri anayehangaikia kibali cha utafiti usio na nauli.

Na sasa niseme la wahasibu, na nawapenda wahasibu, dada yangu ni mmoja wao. Nilishuhudia mahali fulani, sitapataja, wanafunzi wakipewa fedha za utafiti kama masurufu. Masurufu yanarejeshwa kwa risiti. Kijana akarudi na daftari lake zuri, safari zote zimeandikwa. Akaambiwa alete risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Bodaboda wa kupanda Old Moshi kwenye utelezi, atoe risiti ya EFD! Kijana yule aliishia kudaiwa na ofisi iliyomtuma. Basi kwenye kasma hii ninayoiomba, mwanafunzi alipwe posho, aisaini, iishe. Tumdai kazi, tusimdai vikaratasi.

Kuna la kalenda ya fedha pia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Likizo ndefu inaanza Julai hiyohiyo. Fedha za bajeti mpya, tunajuana, hazitoki tarehe mbili. Zitatoka Septemba, mtoto amesharudi. Kwa hiyo kasma iingizwe kwenye bajeti ya mwaka unaoishia Juni, na malipo yafanyike Mei, kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe, pamoja na gharama ya kutolea. Jambo dogo hili ndilo litakaloamua kama mpango ni wa kweli au ni wa kuandikwa kwenye mpango mkakati.

Ni kiasi gani? Nimepiga hesabu yangu. Laki sita kwa mwanafunzi mmoja kwa wiki nane: chakula, chumba, nauli. Tuanze na wanafunzi 40. Hiyo ni milioni 24. Kati yao, 20 wa utafiti waongezewe laki mbili kila mmoja za vifaa na vibali, milioni nne. Jumla milioni 28. Sitaki wanafunzi 400 wagawiwe vijisenti vya vocha ili tupige picha na hundi ya mabango. Makamu Mkuu ananiangalia. Mheshimiwa, mimi nimehudhuria mahafali yetu, nimeyaona mahema, nimeisikia bendi, nimekula. Milioni 28 siyo fedha ya kutushinda, ni fedha ambayo haijapata kuombwa kwa sauti.

Na ipo njia ya kuipunguza. Julai hadi Septemba mabweni yetu yako tupu, yana popo na mlinzi. Mabweni ya Dodoma, Dar es Salaam, Mwanza, Morogoro nayo yako hivyohivyo. Vyuo vibadilishane vitanda: wa kwenu anayekuja field Moshi alale kwetu, wa kwetu alale kwenu. Hapo mwenye nyumba wa miezi sita tumemkwepa, na binti yetu analala mahali penye mlinzi na mlezi. Hili halihitaji hata Baraza. Linahitaji walezi wa wanafunzi wa vyuo viwili wapigiane simu. Wakati huu ambapo nchi ina mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, na majengo na maabara vinaota kwenye vyuo vya umma, litakuwa jambo la ajabu maabara mpya kufungwa kufuli miezi mitatu kila mwaka kwa kukosa wa kulala karibu nayo.

Kuhusu nani apewe, najua tutakapokutana kwenye kamati mtu atasema GPA, wastani wa alama. Nakataa. Mwenye 4.6 ameshaonekana, profesa anamjua, ubalozi unamjua, na kila ufadhili unaomtaka unaanzia kwake. Mimi namtaka yule wa 3.4 ambaye muhula wa kwanza alikuwa anauza chapati usiku, lakini ana swali zuri. Kila mwombaji aandike ukurasa mmoja: nataka kujua nini, nitakwenda wapi, nitamuuliza nani, na nina shida gani ya hela. Kwa Kiswahili akitaka. Akirudi, pamoja na ripoti yake ya chuo, aandike ukurasa mwingine, huu lazima kwa Kiswahili, aupeleke kwa waliomkaribisha na akausome mbele yao. Wanakijiji wetu wamehojiwa vya kutosha na watu wasiorudi.

Waajiri, kwenu sina maneno mengi. Zipo taasisi zinazomtoza mwanafunzi ada ili zimpokee. Zinajijua. Acheni. Wengine mnampa chakula cha mchana na nauli bila kuombwa na mtu, nawashukuru, nanyi naomba mfanye kitu kimoja zaidi: mpeni kazi yenye mwanzo na mwisho. Kampuni ya utalii Arusha yenye msimu mkali Agosti ina mambo mia ya kumpa mtu mwenye akili, siyo kumweka mlangoni apokee simu. Mpe malalamiko ya wageni ya mwaka jana ayasome yote akuambie yanajirudia wapi. Mpe stoo aihesabu akuonyeshe panapovuja. Akikuokolea chochote, hiyo nauli yake imeshajilipa.

Wahitimu, huu mkoa kahawa ndiyo iliyojenga shule nyingi na ndiyo iliyosomesha wengi wa umri wangu. Wazazi wetu walikatwa, wakanung'unika, na bado wakakatwa, tangu enzi za KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, ya 1933. Mimi siwaombi makato. Nawaomba kila mmoja achukue mwanafunzi mmoja, nusu mmoja, robo mmoja, kwa jina lake halisi, na mwisho wa likizo apokee ule ukurasa wake mmoja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, rasimu ya waraka kwa Baraza nimeshamkabidhi Katibu, kurasa tatu, na jedwali la mgawanyo wa fedha liko ukurasa wa pili. Naomba iingie kwenye kikao cha bajeti kinachokuja, siyo kile kinachofuata. Waajiri, kuna fomu mezani karibu na mlango. Jazeni idadi ya wanafunzi mtakaowapokea, kazi watakayoifanya, na jina la atakayewasimamia. Palipoandikwa "posho" msiweke mstari; kama hakuna, andikeni hakuna, tujue pa kuanzia. Vijana, nina dakika tano za maswali, na anayeanza ni wewe binti uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja masurufu.